Maneno Yaliyorudi na Ndege Wasiorudi: Vielelezo vya Ndege wa Usambara na Uzigua katika Makumbusho ya Ulaya

Utangulizi

Jina la Kwamsisi linapatikana mara mbili katika nchi iliyo chini ya milima ya Usambara. Liko Handeni, katika njia itokayo Mkata kuelekea pwani. Na liko tena Korogwe, ndani ya mji wenyewe. Majina ya namna hii, yenye "Kwa" mwanzoni, ni mengi katika Uzigua na jirani zake: Kwamndolwa, Kwamkono, Kwamatuku. Utaratibu wake ni mmoja. Mahali hutajwa kwa kumwelekeza msikilizaji kwa mtu au kitu kilichojulikana hapo, na jina hudumu hata baada ya vizazi vingi kupita. Ardhi yenyewe huwa kitabu cha kumbukumbu.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza utaratibu mwingine wa kutoa majina, ulioingia katika nchi hiyohiyo pamoja na wasafiri, madaktari, maofisa na wamisionari wa Ulaya katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Watu hao walikusanya ndege, wakawachuna, wakawapeleka Berlin, London na Marekani. Huko ndege walipewa majina mapya ya Kilatini, nao wamelala katika saraka za makumbusho hata leo, kila mmoja akiwa na kikaratasi kilichofungwa mguuni.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lahusu nini jarida la theologia? Latuhusu kwa sababu mmoja wa watu wa historia hii ni mtu wa nyumbani mwetu. Ni Karl Roehl, misionari wa Usambara, yuleyule aliyetafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotumika katika sharika nyingi za Kilutheri kabla ya tafsiri ya pamoja ya mwaka 1952. Wengi wetu twamjua Roehl wa Biblia. Wachache wajua kwamba katika milima ya Usambara wapo ndege wawili wanaobeba jina lake. Hoja yetu ni hii: mtu mmoja alikusanya maneno ya watu wa milima ile na pia ndege wao, maneno yaliwarudia wenyewe, lakini ndege na habari zao hazikuwarudia. Yatupasa kuuliza kwa nini, na kanisa lifanye nini.

1. Njia ya kutoka pwani

Kabla ya reli, mlango wa kuingilia nchi hii ulikuwa Pangani. Misafara ilipanda kuufuata mto, ikapita nchi ya Korogwe chini ya milima, ikaendelea kuelekea Upare, Kilimanjaro na Umasaini. Burton na Speke walipita upande huo mwaka 1857 walipokwenda Fuga kumwona mtawala wa Wasambaa. Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro mwaka 1861 na tena 1862, kisha akauawa Bardera katika nchi ya Wasomali mwaka 1865. Hondohondo mmoja wa nyika kavu aliitwa kwa jina lake.

Baada yake alikuja Gustav Adolf Fischer, daktari Mjerumani aliyehamia Unguja mwaka 1876. Msafara wake mkubwa wa 1882 hadi 1883 ulianzia Pangani ukafika hata ziwa Naivasha. Fischer alikuwa tabibu kwa kazi na mkusanyaji wa ndege kwa moyo. Makusanyo yake yalipelekwa Berlin, na jina lake limebaki kwa ndege kadhaa: kulukulu wa misitu ya pwani aliyeandikwa mwaka 1878, na kasuku mdogo wa nchi zilizo kusini mwa ziwa Viktoria aliyeandikwa mwaka 1887, mwaka mmoja baada ya Fischer kufa. Tuangalie vizuri mfano wa kulukulu. Watu wa pwani walikuwa na jina lake tayari, jina linaloelekea kufuata sauti ya ndege mwenyewe. Jina la Kilatini likamfuata daktari.

Mwaka 1888 Franz Stuhlmann, mwanasayansi kijana, alipita Uzigua na Unguu akikusanya wanyama. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, vita vya pwani vilianza Pangani. Abushiri bin Salim alinyongwa hapo tarehe 15 Desemba 1889. Naye Bwana Heri wa Saadani, aliyewaongoza Wazigua wengi, aliendelea kupigana hata mwaka 1890. Nchi iliyo kati ya Handeni na bahari, ambamo Kwamsisi ya Handeni imo, ilikuwa nyuma ya vita hivyo. Hatusemi kwamba wakusanyaji wa ndege ndio waliopiga vita. Twasema tu kwamba njia walizopita zilikuwa njia zilezile za majeshi, na usalama wao baada ya 1890 ulitokana na ushindi wa majeshi hayo. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ni mali ya Taji. Na mwaka 1896 ilitoa sheria ya uwindaji iliyotaka vibali. Basi mwindaji wa Kizigua akajikuta akihitaji ruhusa katika pori la baba zake.

Nchi tambarare, hata hivyo, haikuwavuta wakusanyaji kwa muda mrefu. Walipita Korogwe, wakapanda. Sababu yake ni ya kimaumbile. Milima ya Usambara hupokea mvua na ukungu kutoka Bahari ya Hindi, na misitu yake imesimama kama visiwa juu ya nyika kavu kwa muda mrefu mno. Katika visiwa hivyo viumbe wengi wamekuwa wa namna yao wenyewe, wasioonekana penginepo duniani. Kwa mtaalamu wa Ulaya aliyetamani kuandika jambo jipya, msitu wa Usambara ulikuwa hazina.

2. Kielelezo na kikaratasi chake

Yafaa tueleze kwa ufupi kielelezo ni nini. Ndege alikamatwa kwa tanzi, wavu au ulimbo, au alipigwa kwa bunduki yenye risasi ndogo sana ili manyoya yasiharibike. Kisha alichunwa siku hiyohiyo, kwa maana joto huozesha upesi. Ngozi ilipakwa dawa yenye sumu ya aseniki ili wadudu wasiile, ikajazwa pamba, ikashonwa, mabawa yakakunjwa ubavuni. Mwishoni kikaratasi kilifungwa mguuni chenye mahali, tarehe, dume au jike, na jina la mkusanyaji.

Kikaratasi hicho ndicho roho ya kielelezo. Ngozi isiyo nacho ni pambo tu. Ngozi iliyo nacho ni ushahidi. Baada ya miaka mia moja mtu aweza kujua kwamba mahali fulani, siku fulani, palikuwa na msitu wa kutosha kumlisha ndege wa namna fulani. Nchini Uingereza mwaka 1967 mtaalamu Derek Ratcliffe alilinganisha maganda ya mayai ya zamani yaliyohifadhiwa na maganda ya wakati wake, akaonyesha kwamba maganda ya ndege mbua yalikuwa yamekuwa membamba tangu dawa za kuulia wadudu zilipoenea. Walioyakusanya mayai yale ya zamani hawakuota habari ya DDT. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba makusanyo haya ni bure. Yana faida, na faida yake huongezeka kadiri miaka ipitavyo.

Lakini kila hati huonyesha pia mawazo ya mwandishi wake kwa yale inayoyaacha. Kikaratasi cha desturi kilikuwa na nafasi ya mkusanyaji, na mkusanyaji maana yake alikuwa Mzungu mwenye safari. Kijana aliyejua ndege yule hulala mti gani, aliyetega tanzi alfajiri na kumleta akiwa hai mkononi, kwa kawaida hakuwa na nafasi katika karatasi ile. Wala jina ambalo kijana huyo alimwita ndege wake halikuwa na nafasi.

3. Berlin

Jumba jipya la Makumbusho ya Viumbe lilifunguliwa Berlin mwaka 1889. Mwaka huohuo Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliamua kwamba makusanyo ya safari zilizogharimiwa na serikali katika makoloni yapelekwe kwanza Berlin. Kwa uamuzi huo jiji moja likawa ghala la koloni nzima. Ndege walimfikia Anton Reichenow, msimamizi wa idara ya ndege, aliyezaliwa mwaka 1847 na kufa mwaka 1941. Yeye mwenyewe alikuwa amesafiri Afrika Magharibi katika miaka ya 1872 na 1873. Kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Afrika kilitoka kati ya 1900 na 1905. Ndege wengi wa Afrika Mashariki wana jina lake nyuma ya jina la Kilatini, kwa maana yeye ndiye aliyewaandika mara ya kwanza kwa utaratibu wa sayansi.

Wamisionari hawakuwa watumishi wa serikali, wala amri ile haikuwafunga. Ila Berlin ndiko walikokuwa wataalamu, na wengi wao walikuwa na marafiki huko. Misionari aliyeishi mahali pamoja miaka mingi alikuwa na faida kuliko msafiri. Alijua majira, alijua lugha, na watoto wa shule walikuwa karibu naye.

4. Roehl wa Usambara

Chama cha Misheni ya Kiinjili kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kiliundwa Berlin mwaka 1886, na tangu 1906 makao yake yakawa Bethel, ndiyo sababu kikajulikana kama Misheni ya Bethel. Mwaka 1891 wamisionari wake Johanssen na Wohlrab walianza kituo cha Mlalo, walichokiita Hohenfriedeberg. Baadaye vikafuata Vuga mwaka 1895, na Bumbuli mwaka 1899. Huko Lutindi, juu ya Korogwe, mwaka 1896 palianzishwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, ambayo baadaye yalikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Karl Roehl, aliyezaliwa mwaka 1870, alifika Usambara mwaka 1896. Alikuwa mtu wa lugha kuliko mambo mengine yote. Sarufi yake ya Kisambaa ilichapishwa Hamburg mwaka 1911. Hata hivyo macho yake yaliona pia yaliyokuwa nje ya dirisha. Mwaka 1905 Reichenow aliandika ndege wawili kutoka Mlalo na kuwapa jina la Roehl. Mmoja ni ndege wa kijani wa msituni, ambaye leo huhesabiwa kuwa tawi la aina iliyoenea katika milima mingi. Wa pili ndiye mashuhuri zaidi, naye ni Turdus roehli. Mgongo wake ni kahawia iliyokoza, mdomo wake ni wa rangi ya chungwa, ubavu ni mwekundu-kahawia na tumbo ni jeupe. Hutembea chini msituni akipekua majani makavu kutafuta minyoo na wadudu, na hula matunda pia.

Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu ndege huyu kuwa tawi tu la ndege aliyeenea katika milima mingi ya Afrika. Mwanzoni mwa karne hii uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ndege wa jamaa hii katika milima mbalimbali wametengana kwa muda mrefu, na orodha nyingi sasa zamtaja kuwa aina kamili, aishiye katika misitu ya Usambara na Upare. Ndiyo kusema, ndege yule wa Mlalo ni wa huko kwelikweli. Msitu wake ukiisha, hana kwingine kwa kwenda.

Tusimhukumu Roehl kwa haraka. Hakujipa jina yeye mwenyewe. Ni desturi ya wataalamu kumheshimu aliyewaletea kitu kipya. Lakini tutazame jina hili limehifadhi nini. Limehifadhi jina la aliyetuma na, nyuma yake, jina la aliyeandika. Mahali penyewe, Mlalo, pamebaki katika maandishi ya wataalamu. Lugha ya Kisambaa, ambayo Roehl aliipenda na kuiandikia sarufi, haimo. Aliyemkamata ndege hayumo.

5. Amani na wakati wa Waingereza

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya elimu ya viumbe na kilimo huko Amani, katika Usambara ya mashariki. Mwaka huohuo reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe, na mwaka 1905 ikafika Mombo. Stuhlmann, yule aliyepita Uzigua kwa miguu mwaka 1888, alikuja kuwa mkuu wa Amani. Bundi mkubwa wa misitu hiyo aliandikwa na Reichenow mwaka 1908 kwa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa Amani. Safari iliyokuwa ya majuma sasa ilikuwa ya siku, na masanduku ya vielelezo yakashuka bandarini pamoja na katani.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia nchi ikawa chini ya Waingereza, na njia ya masanduku ikageuka kuelekea London. Mwaka 1928 alifika Amani Reginald Moreau, akakaa hata 1946. Huyu alifanya zaidi ya kukusanya ngozi. Alichunguza viota, mayai na maisha ya ndege walio hai. Ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, aliyepatikana karibu na Amani, aliitwa kwa jina lake na William Sclater mwaka 1931. Moreau naye mwaka 1938 alimwita ndege mmoja wa Uluguru kwa jina la mkewe, Winifred. Wakati huohuo Arthur Loveridge alikuwa akikusanya kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Kazi ya Moreau haikuwezekana bila wasaidizi Waafrika, na jina la mmoja wao, Salimu Asumani, limebaki katika historia ya elimu hii. Ni jambo la kutia moyo, na pia la kutufikirisha. Orodha ya majina ya ndege ina madaktari, wamisionari, wakuu wa taasisi na wake zao. Salimu yumo katika maandishi, hayumo katika orodha ile. Ilichukua miaka mingi hata mkusanyaji Mwafrika apewe heshima hiyo katika eneo letu la Afrika. Jali Makawa wa Nyasaland, aliyefanya kazi na Constantine Benson, alipewa jina la ndege mdogo aliyepatikana Zambia mwaka 1964 na kuandikwa mwaka 1965, Pogoniulus makawai. Kielelezo chake ni kimoja tu duniani, nacho kimehifadhiwa Tring, Uingereza.

6. Maneno yaliyorudi

Sasa turudi kwenye hoja yetu. Roehl aliondoka Usambara, lakini kazi yake ya lugha iliendelea. Agano Jipya lake la Kiswahili lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937, ikachapishwa Stuttgart. Shabaha yake yajulikana na kila mwanafunzi wa historia ya tafsiri: alitaka kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Wengine walimsifu kwa jambo hilo, wengine, hasa wa pwani, walimpinga vikali. Nasi hapa hatuingii katika ubishi huo. Twataka kuona jambo moja tu. Roehl aliamini kwamba neno lililo kinywani mwa mkulima wa bara lastahili kuwekwa katika Kitabu Kitakatifu. Maneno aliyoyasikia katika miaka yake ya Afrika, milimani na kwingineko, yalivuka bahari, yakapita mikononi mwa wachapaji wa Ujerumani, yakarudi. Yalirudi yakiwa mkate. Mzee wa usharika aliyafungua, akayasoma, akayatambua kuwa yake.

Ndege walivuka bahari ileile. Hawakurudi, wala habari zao hazikurudi. Maelezo yao yalichapishwa katika majarida ya Kijerumani na ya Kiingereza ambayo hayakukusudiwa kusomwa Mlalo wala Kwamsisi. Mtoto wa Usambara anayemwona Turdus roehli akipekua majani nyuma ya kanisa hana njia rahisi ya kujua kwamba jamaa ya ndege huyo walipelekwa Berlin, wala kwamba jina lake la kisayansi ni la mtafsiri wa Biblia ya babu yake.

Tofauti hii ilitoka wapi? Hatufikiri ilitokana na roho mbaya ya mtu mmoja. Misheni ilikuwa na nia ya kurudisha maneno, kwa maana Injili haihubiriwi bila lugha ya watu. Makumbusho hayakuwa na nia hiyo. Kwa makumbusho, Usambara palikuwa mahali pa kupata kitu, si mahali pa kupeleka kitu. Pale palipokuwa na watu wanaotarajiwa kusoma, kazi ilirudi. Pale ambapo watu walihesabiwa kuwa mikono tu ya kukamatia, haikurudi.

7. Tafakari ya kitheologia

Katika sura ya 2 ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anawaleta wanyama na ndege kwa Adamu ili aone atawaitaje. Wafasiri wengi wamesisitiza mamlaka ya mwanadamu katika tendo hilo. Lakini tusisahau mazingira yake. Ndege analetwa akiwa hai. Anayetoa jina anaishi naye katika bustani ileile, na amepewa kazi ya kuilima na kuitunza. Jina linatoka katika ujirani. Kwa kipimo hicho, aliyemwita kulukulu kwa sauti yake yu karibu zaidi na Adamu kuliko aliyemfungua kutoka sandukuni. Hatusemi hivyo kwa kudharau sayansi. Jina la Kilatini huwawezesha watu wa mataifa yote kuelewana. Twasema tu kwamba jina la pili halina haki ya kulifuta la kwanza.

Sisi Walutheri tuna pia mafundisho ya Katekisimo. Katika Amri ya Saba Luther hakuishia kukataza wizi. Alitufundisha kumsaidia jirani ili mali yake itunzwe na kuongezeka. Maarifa ni mali. Mtu aliyetoa maarifa yake ya msitu naye akasahauliwa amepungukiwa na haki yake, hata kama alilipwa ujira siku ile. Na katika Amri ya Nane tunafundishwa kulinda jina jema la jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Amri hii humfunga mwanahistoria pande zote mbili. Yamkataza kumshitaki Roehl kwa dhambi isiyothibitishwa. Nayo yamkataza kuandika historia ya misheni kana kwamba wenyeji hawakuwapo.

Tena kuna barua ya Luther isiyojulikana sana miongoni mwetu. Mwaka 1534 mtumishi wake, Wolfgang Sieberger, alinunua nyavu akatengeneza mahali pa kunasia ndege. Luther akaandika kwa mzaha malalamiko yaliyoletwa kwake na ndege wenyewe, wakimshitaki Sieberger kwamba anawanyima uhuru wao wa kuruka na kuokota punje. Miongoni mwa walalamikaji wametajwa kwanza ndege wa jamaa ileile ya Turdus, ndugu wa yule wa Mlalo. Ni mzaha, lakini una meno. Luther aliona kwamba ndege nao wana neno la kusema mbele ya Muumba wao. Na tuangalie jambo lingine: kwa sababu ya mzaha ule, jina la mtumishi aliyenasa ndege limedumu karibu miaka 500. Mtumishi wa Wittenberg ajulikana. Mtegaji wa Mlalo naye alikuwa mtu, na kwa Mungu, ambaye kwa maneno ya Isaya sura ya 43 huwaita walio wake kwa majina, hakuna mtegaji asiye na jina.

8. Wajibu wetu

Majadiliano juu ya makusanyo ya kikoloni yameenea. Mwaka 2023 Chama cha Wataalamu wa Ndege cha Marekani kilitangaza nia ya kubadili majina ya Kiingereza ya ndege wa eneo lake yaliyofuata majina ya watu. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea kwa maovu ya utawala wa Kijerumani. Katika nchi yetu mazungumzo mengi yamehusu mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na, zaidi ya hiyo, mifupa ya wazee wetu. Ngozi za ndege ni jambo dogo kwa kulinganisha. Lakini mara nyingi jambo dogo ndilo tunaloweza kulifanya wenyewe, bila kungoja serikali mbili zipatane.

Hatuoni kwamba lililo la kwanza ni kudai kila ngozi irudishwe. Vielelezo vya kale vyahitaji uangalizi wa gharama, na sumu yake ni hatari kwa asiyezoea. Wala hatuoni haja ya kulifuta jina la Roehl. Lakini kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa kanisa.

Kwanza, sharika za Usambara, Korogwe na Handeni zikusanye majina ya ndege kwa Kisambaa, Kizigua na Kibondei kutoka kwa wazee wangali hai. Kazi hii yafaa sana vijana wa kipaimara na wanafunzi wetu wa likizo. Jina la ndege mara nyingi huja na methali, dalili ya mvua, au mwiko. Na vyote hivyo ni malighafi ya mahubiri kwa mhubiri mwenye masikio.

Pili, watafiti wetu wa historia ya kanisa, wanaposoma barua na taarifa za wamisionari, wasitafute habari za ubatizo na ujenzi tu. Waangalie pia walimu, wapagazi, wapishi na wawindaji wanaotajwa pembeni, na kuyaandika majina yao. Makumbusho nayo yameanza kuweka kumbukumbu zao katika intaneti, na mwanafunzi wa leo aweza kusoma habari za kielelezo cha Mlalo bila kusafiri Berlin. Tukiwa na majina, tuwaandikie wenye makumbusho na kuwataka wayaweke penye kumbukumbu ya ndege.

Tatu, tuutunze msitu. Kielelezo cha Berlin kitadumu kama kitatunzwa vema. Ndege aliye hai wa Mlalo hatadumu bila miti. Itakuwa aibu kubwa siku ile ambapo njia pekee ya kumwona ndege wa Usambara itakuwa kuvuta saraka katika jiji la kigeni.

Hitimisho

Tumeona kwamba nchi kati ya Kwamsisi na Mlalo ilitoa ndege kwa elimu ya dunia, na kwamba elimu hiyo ina faida ya kweli. Tumeona pia kwamba desturi ya wakati ule iliandika jina la aliyetuma na la aliyepokea, ikamwacha aliyekamata na lugha aliyoitumia. Biblia ya Roehl yatuonyesha kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Mtu yuleyule, kwa watu walewale, aliweza kufanya kazi iliyovuka bahari ikarudi. Kile misheni ilichofanya kwa maneno, kanisa la leo laweza kukifanya kwa ndege. Wazee wa Uzigua walijua kuweka jina mahali pake, likakaa hapo bila karatasi wala sumu ya kulihifadhi. Kazi yetu ni kuwauliza wangali wapo.